Neno Alilompa Fundi

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya posta.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii. U hali gani? Kile kikohozi ulichokitaja kwenye barua iliyopita kimekwisha, au bado unakwenda kazini ukijifanya mzima? Nakujua. Sisi hatujambo. Mama goti bado linamsumbua, ila ulimi wake hauna maumivu yoyote.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nina jambo la kukiri, na kwenye simu ningebabaika nikaishia kukusimulia habari za mvua.

Kwanza kazi. Watoto wamefika saba sasa, pamoja na binti yako, na sebule nzima nimeigeuza darasa. Meza ya dirishani wanamimina maji kutoka kwenye jagi kwenda kwenye vikombe. Ya pili wanatenga maharage mekundu na meusi ndani ya trei za mayai. Vibanio vya nguo wanavibana kwenye kingo za maboksi ili vidole vipate nguvu, na unga wa kufinyangia naukanda mwenyewe kila Jumatatu. Wazazi wananisifu, nami sifa hizo nazipokea bila haya.

Lakini nikisema kweli, yote hayo niliyavalia njuga kwa ajili ya Chiriku wako. Miezi saba tangu uondoke, mtoto tuliyempa jina hilo kwa sababu ya kuropoka kwake alikuwa hajatoa neno. Daktari alisema koo ni zima na masikio ni mazima, tumpe muda na michezo, tusimlazimishe. Basi nikampa michezo. Kila nilipoinama naye mezani nilijiambia kuwa neno la kwanza litakuwa langu.

Akatokea fundi. Unamkumbuka yule jirani mwashi? Alianguka kutoka kwenye ngazi akavunjika mguu, na sasa anashinda kibarazani kwake, mguu una plasta na ameuegesha juu ya ndoo. Hana cheti, hajui wimbo hata mmoja wa watoto. Ana rundo la mchanga, vipande vya matofali na pimamaji, ile rula nene yenye kichupa cha maji, ambayo kiputo kikikaa katikati ndipo unajua tofali limelala sawa. Watoto walimwona siku moja kupitia uzio, na tangu hapo wanahamia kibarazani kwake, meza zangu zimedoda.

Roho iliniuma, sikufichi. Nikaagiza mchanga wangu mwenyewe, nikauchekecha, nikauosha, nikauanika juani ili watoto wasichafuke. Haukushikana hata kidogo. Fundi aliuchungulia akasema, "Mwalimu, huo umeuua." Nilitabasamu kwa meno tu. Kesho yake nikafunga geti kwa komeo, watoto wakajipanga uzioni wakayapa maharage yangu mgongo. Siku ya pili nikafungua.

Wiki tatu zilizopita, Jumanne asubuhi, nilikuwa naanika aproni zao. Fundi akaweka tofali upande upande makusudi, akauliza, "Haya wajenzi, limekaa sawa?" Wote wakaitikia kuwa limekaa sawa. Chiriku akainamia kile kiputo, akasema, "Bado. Inua huku."

Fundi hakushangilia wala hakumtazama usoni. Aliinua upande ule na kazi ikaendelea. Mimi niliingia jikoni nikalia, na usije ukadhani yalikuwa machozi ya furaha. Yalikuwa ya hasira. Miezi saba ya vibanio na maharage, na neno limekwenda kwa mtu mwenye mguu juu ya ndoo.

Jioni fundi aliniuliza kupitia uzio, "Lakini umemsikia?"

"Nimsikie nani?" nikajibu, nikaingia ndani.

Sasa jambo lenyewe. Mdogo wangu, nilikuficha. Ulipopiga simu ukauliza kama amesema chochote, nilikujibu bado. Uliponiomba nimpe simu usikie japo pumzi zake, nilisema amelala. Mara tatu. Hakuwa amelala hata mara moja. Alikuwa kibarazani akihesabu matofali kwa sauti. Nilitaka kwanza aseme na mimi ndipo nikuambie, ili habari iwe yangu. Kijiba cha roho kimenifanya nikunyime sauti ya mwanao. Naomba unisamehe.

Ijumaa alisema na mimi. Sikuwa nimempangia mchezo wowote. Nilikuwa namsugua matope kwenye kucha, nimechoka. Akaniita, "Mama mkubwa." Nikajikaza nisimtazame, kama nilivyomwona fundi akifanya. Nikaendelea kusugua.

Akasema, "Mama anarudi lini?"

Hilo ndilo nililolingojea miezi saba, na halikuwa langu pia. Nilikuonea wivu wewe papo hapo, huku mkono wake nimeushika. Nilimwambia nitakuuliza. Nakuuliza, lakini usinijibu mimi. Jumamosi ya kwanza baada ya kuipata barua hii, piga saa tatu asubuhi. Nitampa simu yeye, kisha nitatoka nikakae kibarazani kwa fundi mpaka mmalize.

Mama anakusalimu, na shemeji yako, na kaka na watoto wake wote. Fundi naye anakusalimu, na salamu zake nazifikisha shingo upande. Plasta yake inatolewa mwezi ujao. Mwanzoni nilikuwa namwombea apone upesi aondoke pale. Siku hizi namwombea apone polepole. Wewe Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na akupe jibu zuri la kumpa mwanao.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata ninaponuna,

Mama Mkubwa