Imani ya Kutulia

2 Machi

Mwanangu fundi wa mageti,

Hujambo? Macho yanaendeleaje na huo moto wa kuchomelea? Mimi sijambo, ila mguu wa mdogo wako unatunyima raha. Kidonda cha kisukari kimepanda hadi kifundoni, na daktari anataka kukata chini ya goti. Kipara mwenyewe amekubali, eti kinyozi ananyoa kwa mikono, sio kwa miguu. Hata hapo anatania! Nimemkatalia. Tumeuweka mguu mikononi mwa Bwana, na ukishaweka kitu huko hukinyang'anyi tena. Imani ni kutulia, mwanangu. Akina mama wa maombi wanashinda hapa kila siku. Nawe tuombee.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, ila barua yako imenitoa jasho. Mama, yule kipofu wa kwenye Injili alipakwa tope machoni akaambiwa aende akanawe. Hakubaki pale na tope lake akisema ametulia. Alinyanyuka, akapapasa njia mpaka majini. Na huyo daktari, unadhani aliyemleta ni nani? Kipara ameshachagua, usimchagulie. Jumamosi nakuja na gari tumpeleke. Wewe mfungashie nguo tu.

Mwanao

17 Machi

Shikamoo Mama,

Nilirudi kwangu salama, mgongo tu ndio unalalamika. Sikufurahi kumkosa Kipara. Kama mchungaji amempeleka kambi ya maombi, basi, nimekuamini, wewe ni mama yangu. Lakini akirudi nijulishe siku hiyo hiyo. Gari la kuazima nitalipata tena. Mwambie kaka yake anamsalimia, na kwamba nywele zangu zinamsubiri, sijamruhusu mtu mwingine azishike.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Hujambo huko? Mwili wangu mzima, moyo ndio umechakaa. Mdogo wako tulimzika Alhamisi. Sikukuita kwa sababu ungekuja na maneno yako.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Jumamosi ile hakuwa kambini. Nilikuwa nimemfungia chumba cha nyuma, maana alishaanza kutambaa kuelekea mlangoni. Alipoisikia sauti yako akaita, "Kaka! Kaka, niko huku!" Nikiwa nimesimama na wewe pale mlangoni, nikaanzisha wimbo, na wenzangu ndani wakaupokea kwa nguvu. Aliita mpaka ulipowasha gari.

Kuanzia hapo hakuomba nasi tena. Aligeukia ukutani, tukimwambia aseme amina, kimya. Kwa hiyo ni wewe uliyemvunja imani, na imani ilipovunjika uzima nao ukapita. Nimekusamehe. Mimi sikufanya kitu, nilimwachia Mungu tu.

Nyumba imekuwa kubwa sasa. Njoo ukae nami.

Mama yako

20 Aprili

Mama,

Barua nimeipata.

Unasema hukufanya kitu. Ulifunga mlango. Ulinidanganya usoni. Ulianzisha wimbo. Huko siko kutulia, Mama. Ulihangaika kuliko sisi wote, na kila hatua uliichagua mwenyewe. Aliyejilaza akingoja ni Kipara peke yake, naye ni kwa sababu ulimgeuzia ufunguo.

Ule wimbo ninaujua tangu utotoni. Nilisimama pale mlangoni nikaitikia. Nilipiga na makofi. Mdogo wangu ananiita, mimi napiga makofi.

Nimeamriwa nikuheshimu, na aliyeamuru hakuniuliza kama moyo unataka. Hautaki. Hata hivyo nitatii. Mwenye duka atakuletea unga, mafuta na sabuni kila mwezi. Bati likivuja nitatuma fundi. Ukiugua utapelekwa kwa daktari, utake usitake, na watakaokubeba nimeshaongea nao.

Kukuona sikuamriwa. Kaburini kwake nitakuja, na njia ni hiyo hiyo ya mbele ya mlango wako. Usiniite.

Kaka yake Kipara