Mama Ndani ya Mraba

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia, na shemeji ameacha kujitibu mwenyewe. Huku tu wazima. Mimi nimeongezeka kilo tatu, usiulize wapi.

Kazi yangu ni ileile ya kuchora mivutano ya watu. Mwezi huu ni wenye maduka, madereva na manispaa, wote wanautaka uwanja mmoja. Kila upande naupa duara, kinachogombewa nakipa mraba, na mistari inaonyesha nani yuko tayari kulegeza nini. Wakijiona ukutani hupunguza makelele.

Basi jana nikafanya hivyo nyumbani, maana suala la Mama akae wapi sasa Baba hayupo limetushinda kwenye simu. Nilibandika karatasi kubwa kwenye kabati la vyombo. Kaka duara: anataka Mama ahamie kwake. Mdogo wetu duara: anataka tumpokee kwa zamu, miezi minne minne. Mimi duara, sina msimamo, kama kawaida yangu. Wewe nilikuweka pembeni bila mstari, kwa kuwa hukujibu.

Katikati nikaandika “Mama”, nikalizungushia mraba. Naona haya kukwambia kwamba sikugundua nilichofanya.

Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza mraba maana yake nini. Nikaanza kumweleza kama ninavyowaeleza wateja, mpaka nilipofika kwenye “kinachogombewa” nikajisikia mwenyewe. Kaka alijifanya anatafuta kijiko. Niliumia, Dada, na nilistahili.

Unamjua, ni fundi cherehani hata akiwa na hasira. Alichukua penseli yake ya kuchorea mishono na kisahani cha chai, akakiweka juu ya mraba, akazungusha duara safi.

“Mimi nakaa hapahapa,” alisema. “Nyinyi ndio mpangiane zamu za kuja.”

Akavuta mstari kwa kila mmoja wetu sisi watatu na kuandika mwezi wake juu yake. Mimi nimepewa huu wa Juni, ndiyo maana barua inatoka hapa.

Wasalimie shemeji na mtoto wenu Kibonge. Mungu awalinde na awape nafasi.

Karatasi bado imebandikwa kwenye kabati. Alivuta mstari hadi kwako pia, akauacha mtupu, na hataki mtu aishushe mpaka uandikwe mwezi.

Mdogo wako akupendaye,
duara la tatu.