Neno Lililokatwa na Mzee wa Fimbo

Aldewier,
Friesland,
Uholanzi.
Jumapili, 13 Novemba 2022

Mpendwa wifi Tjitske,

Salamu nyingi kutoka huku kwenu, ambako mvua inanyesha vilevile ulivyoiacha. U hali gani? Goti linaendeleaje, na yule daktari mpya amekuruhusu kupanda ngazi au bado unalala sebuleni? Na kifua cha mumeo Wim? Nilipoiona picha ya kondoo wenu wamelala juani huko Nyuzilandi nilikuonea wivu, sikufichi. Mimi mwili ni mzima. Kaka yako Durk naye mwili ni mzima, na ng'ombe wote wazima. Yaliyobaki ndiyo yaliyonikalisha hapa mezani.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu yetu unaijua, inapaza sauti nyumba nzima, na nikiongea nawe kaka yako huja kusimama ubavuni pangu kama mtu anayengoja zamu yake. Haya siwezi kuyasema akinisikia. Leo amekwenda kanisani peke yake, mimi nikasingizia kichwa. Mungu atanisamehe, maana sasa kinauma kweli.

Nianze na lililo jema, nisije nikaonekana sina shukrani. Mwanetu Ruerd amepata shahada yake ya udaktari. Anaitwa daktari, ingawa ukiumwa na goti hana msaada wowote. Miaka saba, wifi! Ulipokuja mara ya mwisho ndiyo kwanza alikuwa ameanza, na wewe mwenyewe ulimshikia ngazi alipokuwa akipigilia kile chuma kwenye malisho nyuma ya banda.

Chuma bado kipo. Kimeshuka mpaka kwenye mchanga ulio chini kabisa, kwa hiyo chenyewe hakisogei. Udongo wetu mweusi unaokizunguka ndio unaoshuka, kwa kuwa tunaukausha ili ng'ombe wasizame matopeni, na ukikauka unasinyaa. Ndicho alichokuwa akikipima mtoto miaka yote hiyo. Durk alikitunza chuma kile kama yai. Akikata majani anakizunguka na trekta, na alikizungushia waya ng'ombe wasijikunie. Kila Ruerd akija kupima, baba yake alimtania, "Naona chuma chako kinaota, profesa."

Naye humjibu, "Chuma hakioti, baba. Sisi ndio tunaozama."

Wanacheka wote wawili. Na mimi nilikuwa nacheka nao, mjinga mimi.

Usidhani ilikuwa safari ya raha. Mwaka wa tatu mwalimu aliyemsimamia alihamia nchi nyingine, akaja mwingine ambaye sura zote zilizoandikwa aliziona takataka. Ruerd alirudi nyumbani, akalala kwenye kile chumba chake cha juu, hali, hasemi, ndevu zimemjaa. Nilimwambia waziwazi aache, hakuna karatasi inayostahili mtoto wangu kukonda namna ile. Durk ndiye aliyepanda ngazi na soksi zake za bandani, akasimama mlangoni, akamwambia, "Ng'ombe akishaanza kuzaa huwezi kumwambia apumzike. Malizia." Akashuka. Kesho yake mtoto alinyoa ndevu.

Basi siku ya kukitetea kitabu chake cha utafiti mbele ya maprofesa ikafika, mwezi uliopita. Unajua desturi ya kule chuoni, mtahiniwa husimama na wenzake wawili kando yake, wamevaa makoti ya mikia, kazi yao ni kusimama tu. Zamani eti waliweza hata kumjibia akikwama. Ruerd alimchukua rafiki yake mmoja, na wa pili akamwomba baba yake. Wifi, laiti ungemwona kaka yako! Koti la kukodi, mikono imeishia juu ya vifundo. Nikamwambia anafanana na mhudumu wa hoteli. Akasema, "Kusimama bila kusema? Hiyo kazi nimeifanya miaka sitini." Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu siku ya harusi yetu, na labda hata siku hiyo hakuwa nayo kiasi hicho.

Maswali yote yalikuwa kwa Kiingereza. Sisi wa Aldewier tulikaa kwenye viti vile kama ng'ombe wanaosikiliza ngurumo. Maprofesa wanauliza, Ruerd anainama kidogo, anaanza na lile neno la heshima wanalolazimika kulisema kabla ya kila jibu, kisha anajibu. Nilimwona anajiamini, nikaanza kupumua.

Sasa nikueleze kitu kimoja, maana ndipo kisu kilipokuwa. Ndani ya kitabu huwekwa karatasi yenye hoja fupi fupi, na mtahiniwa anaweza kuulizwa lolote kati ya hizo. Za mwanzo ni za elimu yenyewe. Ya mwisho kwa desturi ni ya mzaha, ya kuwachekesha watu, kila mtu hutunga yake. Sisi hatukuisoma. Ilikuwa kwa Kiingereza, na kitabu tulikiweka kabatini pamoja na vikombe vya mama yenu.

Mwulizaji wa mwisho alikuwa profesa mmoja mama wa makamo, mwenye uso mzuri. Akasema kwamba kwa kuwa baba wa mtahiniwa amesimama hapa, naye mwenyewe ni mtoto wa mkulima wa huku, anaomba ruhusa aulize kwa lugha yetu. Watu wakafurahi. Durk akainua kichwa. Yule mama akaisoma hoja ya mwisho kwa Kifrisia safi: "Mkulima anayempenda mwanawe humfundisha kazi nyingine."

Watu wakacheka. Akaendelea, naye anatabasamu, simlaumu, hakujua: "Mtahiniwa, baba yako alikufundisha kazi gani?"

Ukumbi mzima ulijua jibu, wifi. Baba yake alimfundisha kukamua, kuzalisha ndama na kusafisha mifereji. Kazi nyingine Durk hana, angemfundisha ipi? Kwa hiyo kama hoja ni ya kweli, basi baba hakumpenda. Nilimtazama Durk. Alikuwa amesimama vilevile kama alivyoagizwa, lakini masikio yalikuwa mekundu.

Ruerd akainama. Akasema, "Mpinzani mwenye elimu kuu, baba yangu..."

Na mlango ukafunguliwa. Akaingia yule mzee wa chuo mwenye joho na fimbo ndefu, akaigonga sakafuni, vikengele vikalia, akatamka kwa Kilatini, "Hora est," yaani saa imetimia. Mzee wa fimbo akishasema hivyo mtahiniwa hunyamaza hapohapo, hata kama neno liko nusu mdomoni. Wote wakasimama. Ruerd akafunga mdomo.

Shahada akapewa, na sifa tele, na msururu wa maneno ya Kilatini. Durk alimshika mkono akasema, "Hongera, daktari," kama anayeagana na mchuuzi wa ng'ombe. Tulikula keki, tukapiga picha. Garini Durk aliendesha akiwa bado na lile koti la mikia, tukaupita mnara wa kanisa letu. Nikajiandaa kwa hasira yake. Akasema tu, "Walimkata. Alikuwa anasema."

Tangu siku hiyo hilo ndilo neno lake. Bandani, mezani, kitandani. "Baukje, ulimsikia, alisema 'baba yangu.' Alikuwa na jambo." Namwambia ampigie mtoto amuulize. Anasema mtu hamalizii mwenzake sentensi, atakuja kuimalizia mwenyewe. Ruerd hajaja tena. Amepata kazi mjini, kuwashauri hao hao wanaotaka maji yarudishwe malishoni ili udongo usishuke, ng'ombe waondoke.

Na wanatungoja sisi. Mkoa umetaka kulichukua shamba, eneo lote la nyuma lirudi kuwa kinamasi, na tutoe jibu kabla ya mwaka mpya: tunauza kwa hiari au tunabaki na kuona kitakachotupata. Kila jirani ameshajibu, hivi au vile. Durk hajibu. Juzi rafiki yake Sietse alimuuliza anangoja nini. Akamjibu, "Nangoja Ruerd amalize." Sietse kwa ule mdomo wake akasema, "Kweli daktari wenu amesoma kila kitu isipokuwa kumaliza!" Unajua wamekunywa kahawa pamoja tangu utoto. Kaka yako alichukua kofia yake akaondoka, kahawa ikabaki mezani.

Sasa lile ambalo simu haiwezi kulibeba. Wiki iliyopita Durk akiwa mnadani nilimpigia Ruerd mwenyewe. Nikamwambia, "Mwanangu, niambie tu. Ulitaka kusema nini?"

 Akasema, "Mama, ile hoja tuliitunga baani, na bia mkononi. Wote hufanya hivyo."

"Sijakuuliza hoja. Nauliza jibu."

"Sikuwa nalo," akasema. "Nilikuwa namwomba Mungu yule mzee aingie. Akaingia."

"Lakini ulisema 'baba yangu.'"

"Ilibidi nianze na kitu, mama."

 Kisha akaniuliza kama chuma bado kimesimama. Nikamwambia kimesimama. Akasema vizuri, akakata.

Tjitske, na kweli nilikuwa nimeona. Mlango ulipofunguliwa niliona mabega ya mtoto yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilijidanganya kwamba ni uchovu. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya nimeyamwaga mimi kwa kuuliza. Nimemzaa, nimemlea, nimeomba miaka saba amalize, na sasa natamani angelifeli mwaka ule wa tatu na ndevu zake. Hapo angalau tungekuwa watatu mezani. Nimekata tamaa, nakwambia bila kupamba. Nikimwambia Durk ukweli, nitamuua. Nikinyamaza, atangoja hadi mwaka mpya umpite, na shamba la baba yenu, ambaye Ruerd amebeba jina lake, litaondoka au litabaki kwa ajili ya maneno ambayo hayakuwahi kuwepo.

Sikuombi ushauri, najua hakuna. Nakuomba jambo moja tu: akikupigia Krismasi atakuuliza kama na wewe unadhani mtoto alikuwa na neno. Mwambie ndiyo. Wewe ni dada yake, hukuwepo, kwako haitakuwa uongo mkubwa kama kwangu.

Nisalimie Wim, na mwanenu Hylke na mkewe, na wajukuu wote hata yule anayeuma wenzake. Binti yetu Jeltsje anakusalimu kutoka kwa mumewe, anatarajia kujifungua Februari, hilo angalau ni jema. Mungu awape jua na afya, na goti lako alinyooshe.

Durk amerudi kanisani nikiwa hapa. Kurasa za mwanzo nimezificha chini ya sahani ya mkate. Ameuliza namwandikia nani, nikamwambia wewe. Amefurahi. Amevuta kiti na kusema nikuandikie haya kutoka kwake, na anatazama kalamu kuona kama nayaandika sawasawa:

"Dada, mtoto alifanya vizuri. Alikuwa anataka kusema kitu juu yangu mbele ya wale watu wote, ila saa ilitimia."

Nimeandika kama alivyosema.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye siku zote,
Baukje