Maneno ya Daktari Niliyokuficha

Mpendwa yaya, dada yangu mkubwa,

Najua huko Kakiika kwa shangazi unaamka kila asubuhi na kujaribu kuinua unyayo wako wa kulia. Ndiyo maana naandika. Kusema siwezi, unanijua.

Siku ya mtihani wangu wa mwisho mvua ilinyesha tangu alfajiri. Hukuweza kwenda soko la Kashojwa kuuza vitenge, ukaingiza ndani mbabula, lile jiko letu la makaa, upate joto. "Makala ikishakuwa nyekundu haina mubaya," ulisema. "Funga mulango, mudogo yangu, baridi inaniua." Nikafunga, nikaenda shule.

Niliporudi alasiri nilikukuta sakafuni, huna fahamu, mguu umekunjika chini ya mwili wako. Mimi na jirani yetu Mama Riziki tulikuburuta hadi nje kwenye matope. Ukaamka, ukatapika, ukatutania: "Munanivuta kama mbuzi ya soko ya Endiinzi!" Tulicheka sana, tukadhani yameisha.

Mguu ulipovimba ukawa mgumu kama ubao, tulisema damu imelala, haitembei. Siku tatu nilikukanda kwa maji ya moto, kisha nikaufunga kwa kitambaa, kama mama alivyokuwa akifanya. Ulilia, nami nilizidi kukaza. Mkojo wako ulipogeuka mweusi kama chai ya rangi ndipo tulipokimbilia hospitali ya Mbarara.

Daktari alisema kwa Kiingereza, na aliyesoma shule kati yetu nilikuwa mimi, nikawa nakutafsiria. Alieleza kwamba sumu ya makala, na kuulalia mguu saa nyingi, viliua nyama. Uvimbe ukaubana mshipa wa fahamu.

"Anasema nini?" uliuliza.

"Nguvu ya mguu itarudi kidogo kidogo," nilikujibu.

"Aksanti Mungu," ulisema, ukanishika mkono.

Yaya, hakusema hivyo. Alisema figo zitapona, lakini nyama iliyokufa hairudi, na unyayo wako hautainuka tena. Alisema kama tungekuleta siku ile ile, labda mguu ungepona. Hilo nalo nililimeza.

Jana ulinitumia ujumbe wa sauti: "Leo kidole kimetingishika! Uchunge vitenge vyangu, narudi." Nimeisikiliza mara nne. Sidhani kimetingishika. Nadhani unakiona kwa sababu unakitamani, na aliyekupa tamaa hiyo ni mimi.

Shangazi atakusomea barua hii, nami sitakuwepo kukushika. Nisamehe kwa hilo pia. Usiusubiri tena mguu huo, yaya. Baki salama.

Mdogo wako