Kitanda Kisicho na Msumari

Nyumba ya pili, nyuma ya soko la mbao,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zetu nyingi. Mguu unaendeleaje? Najua utajibu umepona, kumbe unatembea ukishika kuta, nakujua, wifi. Na shemeji, kikohozi kimemwacha? Huku wasichana wako hawajambo, wanarefuka mpaka sare zinawakimbia. Mimi mwili mzima. Zaidi ya hapo nikisema tuko salama nitakuwa nakudanganya, na wewe hudanganyiki.

Maji yamezidi unga. Mwaka jana mdogo wako alipata kazi ya madawati ya shule nzima. Tulivyocheka siku ile! Akakopa kununua mbao. Mkandarasi akabeba madawati, akasema hundi inakuja, na mpaka leo hatujui yeye na hundi yake wamepotelea wapi. Mdogo wako akakopa kwingine alipe kule, kisha akakopa kwa Taratibu alipe kwingine. Huyo Taratibu ndiye mkopeshaji wa mtaa wetu. Tunamwita hivyo kwa sababu hapazi sauti. Hata akija kukutolea vitu ndani anapiga hodi kwanza na kuuliza watoto wameshindaje.

Basi kwetu amepiga hodi. Amechukua makochi, televisheni, jiko la gesi, hata simu yangu, ndiyo maana nakuandikia. Barua anakuletea jirani yetu, dereva wa lori. Vyote vimeishia kwenye riba. Deni lenyewe liko palepale, linatutazama. Mwisho akachukua kitanda.

Unakikumbuka. Ulikilalia ulipokuja kuniuguza uzazi wa pili, ukasema huondoki mpaka akutengenezee na wewe. Alikitengeneza mwenyewe kabla hajanioa, hakina msumari hata mmoja. Mbao zinaingiana, zinakazwa kwa vipande vya mti. Vijana wa Taratibu walikibomoa kwa fujo wakakipakia. Tangu hapo tunalala kwenye mkeka. Nilimwambia si kitu, mgongo wangu ulikuwa unataka hivyo, naye akatabasamu kidogo.

Sasa sikia balaa. Jumatano Taratibu akamtumia ujumbe: vijana wameshindwa kukiunganisha, fundi tafadhali njoo. Nikasema, huyu mtu ana haya kweli? Nilidhani mdogo wako atatukana. Wifi, alichukua nyundo yake akaenda! Akakisimamisha kitanda chetu kwenye chumba cha wageni cha Taratibu, akakitikisa kuhakikisha hakilii. Akasifiwa, akapewa soda, akainywa. Aliporudi alinisimulia akicheka, nami nikacheka. Mara nikaona mwenzangu analia, na mimi bado nacheka.

Tangu siku hiyo amebadilika. Anakaa tu mlangoni mwa karakana. Jana amempa jirani mwingine msumeno bure, na pimamaji amempa fundi wa kona, anawaambia, "Itakufaa." Fundi wa kona alinirudishia kimyakimya. Akasema, "Shemeji, mwangalie mwenzako." Fundi akigawa zana zake anajiandaa kwenda wapi, wifi? Naogopa. Nikienda kuchota maji narudi mbio, ndoo nusu. Tukilala namwekea mkono kifuani nisikie anapumua.

Sikuombi pesa. Najua huna, na hata ungetuma angeirudisha. Ameapa nikimwomba ndugu yake hata senti nisimwite tena mume. Pesa ataikataa, lakini kazi hajaikataa tangu nimjue. Na mama yenu alipofariki wewe ndiye uliyemlea, sauti yako bado anaiogopa. Mpigie. Usitaje deni, usimpe pole, na ole wako ulie. Mgombeze kama zamani. Mwambie mlango wako haufungi, mafundi wa huko wezi watupu, aje na zana zake zote. Dereva amekubali kumbeba bila nauli. Akifika mfanye akae. Akimaliza mlango, mpe dirisha. Taratibu niachie mimi. Nimeshamzoea kama mafua.

Msalimie shemeji, na binti yako mwalimu, mwambie wadogo zake wa huku wanamuulizia. Mungu akuponye mguu, ila ukali wako akuachie vilevile, maana leo ndio tunaoutegemea.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Mama Wasichana.

Nimesahau jambo moja. Akifika akakuta mlango wako unafunga vizuri, atajua nimekuandikia, na hapo nitakuwa nimempoteza. Uvunje, wifi yangu. Uvunje kweli.