Mjukuu Mwenye Serikali Mbili

Jumatatu, 4 Februari 1957

Leo nimempiga Mzungu kofi. Kofi safi. Kofia yake iliruka ikaangukia kahawa.

Sawa, sikumpiga. Nilivua kofia yangu mimi, nikasema ndio bwana. Lakini nilisema polepole sana, ili aone ubaya.

Nilikuwa nageuza kahawa juani kama kila siku, hapa shambani Ruiru. Mzungu huyo si wa hapa. Ni Mtaliano, afisa wa serikali ya kwao, huja Thika kila Alhamisi kutoka Nairobi. Anataka niende kushuhudia kwamba mjukuu wangu ni mtoto wa marehemu Nyundo. Nikisema ndio, kijana anakuwa Mtaliano, na haki yake ya hapa haipotei. Mtu mmoja, serikali mbili. Mimi hata hii moja hainitaki, isipokuwa wakati wa kodi.

Jumanne, 5 Februari

Kichwa kinachemka. Wacha niandike kwa mpango.

Nyundo alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha mkonge huko Thika. Wazazi wake walihama kwao Italia wakaja naye akiwa mdogo, wakafia huku. Jina lake lilikuwa refu, halitamkiki. Tulimwita Nyundo kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya kichwa chake. Alikaa na binti yangu Wambui kama bwana na bibi. Wakapata kijana mmoja. Halafu malaria ikamchukua.

Hakuniletea mbuzi hata mmoja. Hata pombe ya kunusa. Kwa desturi yetu sisi Wakikuyu, mwanamume asiyetoa mbuzi hana mtoto. Mtoto ni wa baba wa mama yake. Ndiyo maana kijana alipewa jina langu, Njuguna. Mimi Njuguna, yeye Njuguna. Nikifa, sitakuwa nimekufa sana.

Sasa wanataka kumchukua, na bado hakuna mbuzi. Nyundo ananiibia akiwa ndani ya kaburi.

Siendi Thika.

Alhamisi, 7 Februari

Nimeenda Thika. Wambui alilia tangu alfajiri, na kilio chake kinafanana na cha mama yake. Sikiwezi.

Siku hizi za Hali ya Hatari Mkikuyu hatembei bila pasi; ya kutoka Ruiru nilipewa na homugadi, mlinzi wa kijiji wa serikali, niliyemfundisha mimi kupenga kamasi. Alinikagua kama hanijui. Mshenzi.

Mkalimani wa yule Mtaliano ni mtu wa Mombasa. Kiswahili chake kimenyooshwa kuliko shati lake. Akaniuliza, "Mzee, kijana huyu ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Wako kivipi?"

"Huyu ni mimi."

Kijana akaruka kwa hasira. Wambui akamvuta shati: "Baba, kaa chini!" Maana kwetu mwanamke humwita hivyo mwanawe aliyepewa jina la baba yake. Mkalimani atajuaje? Akakodoa macho. "Mama, baba yako hapa ni yupi?"

Wambui akatuonyesha sote wawili.

Mkalimani akamnong'oneza Mtaliano. Mtaliano akanitazama kama mtu aliyekuta mbwa kwenye sufuria. Nikaelewa walichoelewa: kwamba nimezaa na binti yangu mwenyewe. Akafunga faili.

Ningeweza kueleza. Sikueleza. Nilicheka njia nzima. Kijana alitangulia mbele, hakugeuka nyuma.

Ijumaa, 8 Februari

Hakuna aliyenisalimia asubuhi. Uji umeletwa baridi, kwa makusudi.

Wambui alisimama mlangoni. "Baba, umenivua nguo mbele ya watu. Na kile king'ora cha Nyundo je? Hukukisikia?"

Nikajifanya kiziwi. Nachukia mtu akiwa na haki.

Jumapili, 10 Februari

Askari wamefagia watu stesheni ya Ruiru baada ya kanisa. Kijana alikuwa na pasi ile ya Thika tu, na siku yake imepita. Wamemtupa kwenye lori pamoja na wengine. Nimeenda hadi kwenye seng'enge ya kambi yao, nikaambiwa mzee rudi kabla hatujakuongeza. Nikarudi.

Sina utani leo.

Jumanne, 12 Februari

Wamemwachilia. Sikio limevimba kama andazi, jicho moja limefunga. Alikula amesimama, kukaa kunamuuma.

Akaniambia, "Guka," yaani babu kwa lugha yetu, "waliniuliza mimi ni nani. Nikasema Mkikuyu, wakanipiga kwa kuwa Mkikuyu. Nikasema baba yangu ni Mzungu, wakanipiga kwa kuwa mwongo."

Nikamwambia angesema yeye ni paka. Hakucheka.

"Guka, sikukatai. Nataka tu kutembea."

Nawachukia askari. Namchukia homugadi na kamasi zake. Namchukia Nyundo kwa kufa. Kijana simchukii, nimejaribu.

Alhamisi, 14 Februari

Nimeenda tena. Safari hii hakuna aliyelia.

Mkalimani aliponiona alishika kalamu kama mtu anayejikinga. Nikamwambia: andika, ndugu yangu wa pwani, na usinikate maneno.

Kwetu akizaliwa msichana, wanawake hupiga vigelegele vitatu. Akizaliwa mvulana, vitano. Jirani akisikia, anahesabu, anajua. Siku Wambui alipojifungua, mama yake Nyundo alikuwa ameshakufa, na Wazungu wenzake walikuwa hawamsemeshi tena kwa ajili yetu. Hakuwa na mwanamke wa kumpigia. Basi akaingia kiwandani akavuta king'ora. Mchana, jua bado kali. Wafanyakazi walidhani ni saa ya kutoka. Wakaacha mkonge kwenye mashine wakaenda zao. Meneja alitukana mpaka sauti ikamkauka.

Mtaliano akauliza kitu. Mkalimani akasema, "Anauliza, alivuta mara ngapi?"

Nikainua mkono, vidole vyote.

Nilikuwa Thika siku hiyo, nimesimama sokoni. Nilihesabu. Nilikuwa naomba hesabu ikome kwenye tatu, maana kwa msichana ningemsamehe Nyundo. Ikaenda nne. Ikaenda tano. Mji mzima ulisikia mtu anasema huyu ni wangu. Mbuzi hakuleta, lakini kusema alisema.

"Kwa hiyo baba yake si wewe?"

"Mimi ni babu yake. Kijana ni mimi kwa jina. Kwa kumzaa ni Nyundo. Na wewe ukinitazama tena vile, nitakuombea upara."

Mkalimani akacheka mpaka akafuta macho. Mtaliano hakucheka. Aliandika muda mrefu, halafu akampa kijana mkono.

Nikauliza, na Njuguna anakaa wapi katika jina jipya mnalomwandikia? Mkalimani akauliza. Hakuna nafasi, akasema. Ni Pietro, halafu lile refu la Nyundo.

Nikamlaani Mtaliano kwa Kikuyu, nikitabasamu. Akanishukuru.

Jumapili, 17 Machi

Karatasi zilitoka. Kijana amepata kazi kwenye gereji Nairobi, amehama juzi. Langoni mwa kijiji homugadi alizigeuza juu chini, akampisha. Kijana hakukimbia. Alitembea taratibu katikati ya barabara, mikono mfukoni, mpaka nikashindwa kumwona. Macho yangu ni mabovu siku hizi.

Wambui anapika viazi.

Siku ile ya ushahidi kijana alinivalisha viatu vyake ili nisimwaibishe. Miguu yake ni ya Nyundo, myembamba. Ukucha wangu wa kidole gumba cha mguu umekuwa mweusi, unachimba nyama. Mgongo haupindi tena niufikie, na Wambui anasema unamtia kinyaa.

Viatu ni vyake, kwa hiyo ukucha ni deni lake. Jumapili yoyote akipita Ruiru, aje na mkasi mdogo anikate. Huo mmoja tu. Nyingine nitazisugua mwenyewe kwa jiwe.