Magoti ya Mkamwana wa Kompyuta

Jumatatu, 7 Julai 2025

Gwantwa huna adabu. Nimemwambia mchana, na sasa naandika ili niseme mara ya pili bila kukatizwa. Mwanamke gani anampa baba mkwe wake sahani amesimama wima, macho kwa macho, kama mhudumu wa hoteli ya stendi? Hata kama ni mwanamke wa katuni. Wa katuni naye ana kwao!

Mjukuu wangu huyu anatengeneza watu ndani ya kompyuta. Anaanza na kitu kama boga. Anakivuta pua, anakichimba macho, anakitoa mabega — mpaka kinakuwa mtu. Halafu anamtia mifupa. Mifupa kweli, nimeonyeshwa, imepangwa ndani kama vijiti vya uzio. Kisha anamfundisha kutembea. Yeye mwenyewe hakufundishwa na mtu. Amejifunza kwa video za kwenye simu, na Kiingereza chenyewe cha kubahatisha. Mimi niliishia darasa la nne. Lakini kuona naona. Huyu mtoto ana mikono.

Tarehe 26 wakwe wa Dina, dada yake, wanakuja kutoka Mbebe, kwetu Ileje, kupanga siku ya harusi. Gwantwa anataka kuwaonyesha katuni yake. Bi harusi anampelekea baba mkwe chakula, na jogoo anamfuata nyuma anautaka ule ugali. Bi harusi amempa sura ya Dina, mashavu yale yale, mwanya ule ule.

Yonasi mwanangu, baba yao, amekubali shingo upande. Amesema wakwe wakifurahi, sawa. Wakichukizwa, kompyuta inahamia dukani kwake kule Mpemba kutoa kopi na picha za pasipoti, na Gwantwa anahama nayo, katuni basi. Kompyuta ni ya kazi, mama, ananiambia. Kana kwamba nimesema ni ya kupikia maharage.


Jumatano, 9 Julai 2025

Nimemuuliza Gwantwa kwa nini hampigishi magoti yule binti. Akafungua kompyuta, akanionyesha.

Kumbe! Akimkunja, mapaja yanatokeza nje ya kitenge kama mihogo iliyotoboa gunia. Goti moja linakwenda nyuma kama la kuku. Ndiyo maana alimwacha asimame. Kwa hiyo siyo kukosa adabu, ni uvivu. Nimemwambia uvivu ni mdogo wake adabu mbaya, wamelala kitanda kimoja.

Nikamweleza ya kwetu Ileje. Mkamwana na baba mkwe hawaangaliani. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia majanini. Chakula anakiweka mlangoni, magoti chini, uso pembeni, anarudi kinyumenyume. Na mzee naye anageuza uso. Siyo chuki. Ni heshima, na inabebwa na wote wawili. Mimi nimekaa na baba mkwe wangu mpaka tukamzika, sura yake nimeijua kwenye picha ya msibani.

Watoto wa leo wanapiga selfi na wakwe zao. Haya. Lakini mzee Lwitiko, baba mkwe wa Dina, ni mtu wa zamani. Alipokuja mara ya kwanza Dina alikaa jikoni mpaka mzee akaondoka. Leo aje aone mkamwana mwenye sura ya Dina anamkodolea macho mzee wa watu? Atageuza gari.

Gwantwa akasema itabidi aanze upya kuanzia kiunoni. Anza, nikamwambia.


Jumamosi, 12 Julai 2025

Leo nimepiga magoti mbele ya simu, naye anarekodi apate kuiga. Shuka, Bibi. Inuka, Bibi. Taratibu, Bibi. Nikamwambia mimi siyo lori la Zambia kwenye mzani.

Tulipoangalia video tukaona kitu. Sishuki na magoti yote. La kulia kwanza, mkono unabana kitenge, ndipo la kushoto. Ule mkono! Gwantwa hakuwa na habari nao. Hata mimi. Umri wote huu mkono unafanya kazi yake bila kuniaga.

Jenista jirani alichungulia, akauliza tunasali dhehebu gani siku hizi. Nikamjibu tunaombea midomo ya watu.

Magoti yanawaka. Nimechua.


Alhamisi, 17 Julai 2025

Gwantwa amelia. Mifupa ya miguu imekubali, kitenge kimekataa. Yonasi akapitia mlangoni, akasema si nilikwambia, acha, njoo dukani ujifunze mashine ya kopi. Nikamtoa mbio. Nikamgeukia na mwenye kilio. Nikamwambia hata mimba ya kwanza inatapisha, wewe unalia kwa kitenge?

Akafuta macho akarudi. Jioni ananiita. Ametia mifupa ndani ya kitenge chenyewe. Ya kitenge! Goti likishuka, kitambaa kinashuka nalo, kinajikunja hapa, kinalala pale. Sijawahi kusikia nguo yenye mifupa. Lakini fundi cherehani yeyote wa mji huu aje aniambie kama hicho siyo kitenge.

Sikumsifu sana. Atavimba kichwa. Nilimpa tu finyango la nyama lililokuwa langu.


Jumapili, 20 Julai 2025

Amepiga magoti. Nasema amepiga magoti! La kulia, mkono, la kushoto. Ni mimi nikiwa msichana. Ni mama yangu.

Ikabaki uso. Gwantwa akaniuliza tumtazame kutoka upande gani. Maana kwenye kompyuta kuna jicho linaloangalia, na wewe ndiye unachagua likae wapi. Yeye alitaka likae nyuma ya binti. Nikakataa. Tuteseke na magoti siku zote hizi, halafu watu waone kisogo? Baba mkwe kakaa kule, binti anageuza uso huku. Basi jicho likae huku huku anakogeukia, uso wake uonekane wote. Akaliweka.

Sasa binti anainamisha kope, anamgeuzia mzee shavu, na uso wa Dina unajaa kioo kizima. Mzuri jamani.

Jenista alikuja kucheka. Kabla hodi yake haijajibiwa alishaanza, eti mjukuu wangu anaumba masanamu. Nikamkalisha. Alipomaliza kuangalia akaomba arudishiwe mwanzo. Nikamwambia sanamu gani unaiomba irudi? Ibada ya jioni ilipoisha tayari nilikuwa nimewaambia akina mama wote, na mzee wa kanisa mmoja.


Ijumaa, 25 Julai 2025

Kompyuta inazipika picha tangu jana. Wenyewe wanaita kurenda. Inaunguruma na ina joto kama jiko, na baridi hii ya Julai paka kahamia hapo. Nimepiga marufuku mtu kugusa.

Yonasi kasimama mlangoni muda mrefu anatazama. Nilipomwona akasema anatafuta ufunguo. Ufunguo alikuwa nao mkononi.


Jumamosi, 26 Julai 2025

Naandika chumbani. Wageni wako sebuleni. Nisipoandika kidogo nitamtukana Yonasi mbele ya wakwe, na ninao wajibu wa kutomtukana mpaka waondoke.

Walifika salama. Walikula. Dina yuko jikoni kama inavyotakiwa, sahani zinapelekwa na wengine. Siku ya harusi imekubalika. Ndipo Gwantwa akaunganisha kompyuta na televisheni. Mzee Lwitiko walimweka kiti cha mbele, katikati, cha heshima.

Jogoo alipotokea walicheka. Mzee alicheka mpaka akapiga paja. Jogoo ananyemelea, ugali unafuka, sebule yote imesahau soda zake. Binti akafika mlangoni. Goti la kulia. Mkono. La kushoto. Nikasikia mama mmoja wa Mbebe anaguna mmh, kama mtu aliyeonja mchuzi. Binti akageuza uso kumkwepa baba mkwe wa kwenye katuni — akatugeukia sisi. Uso wa Dina, kioo kizima, macho yakafunguka.

Mzee Lwitiko akasimama. Akajiziba uso kwa kofia. Akatoka nje.

Yonasi akachomoa waya, akaikunja kompyuta, akaitia kwapani. Akamwambia Gwantwa, Jumatatu saa mbili dukani. Akasema mbele ya watu! Mtoto alibaki anaangalia televisheni iliyozimika.

Nikatoka nje. Mzee yuko kwenye benchi la ukutani, mgongo ameupa mlango. Nikakaa mbali kidogo nikamuuliza kama tumemkosea, atuambie, tuko tayari kupatana.

Akasema, "Mama Yonasi, mtu atakaaje anaangaliwa na mkamwana wake?"

Nikamwambia ile ni picha tu ya kompyuta.

"Najua ni picha. Macho yangu ndiyo hayajui."

Jicho! Lile jicho tulilolihamisha. Binti alimkwepa mzee wa kwenye katuni, akaenda kumkodolea mzee wa Mbebe kwenye kiti cha mbele. Na ni mimi niliyesema uso uonekane wote. Haya, nimesema.

Mzee akakohoa. Bila kugeuka akauliza, "Na yule jogoo — ule ugali aliupata?"

Nimeingia ndani nikiwa nimeziba mdomo kwa kanga, asinisikie nikicheka.

Sasa nauliza. Wanaume wangapi wamewahi kumkimbia mtu asiyekuwepo? Nani akiona boga anajiziba uso kwa kofia? Mjukuu wangu ametengeneza mkamwana, na mkwe amemwonea haya. Kitenge kina mifupa, magoti yana adabu, macho yana mtu ndani yake. Mjini hapa nani mwingine? Na Yonasi amesimama sebuleni, kompyuta iko kwapani kama kuku wa wizi, anawaomba radhi watu ambao hawajakasirika. Wa Mbebe wenyewe wanamtazama tu. Wanajua kwa nini mzee wao katoka. Yeye mtoto wa Ileje ndiye hajui! Mji umemla.

Nasikia Yonasi anaaga kwamba anaipeleka kompyuta kwenye gari.

Basi yatosha. Natoka. Yonasi airudishe mezani na waya auchomeke kwa mkono wake. Gwantwa aoshe uso. Mzee arudishwe kitini kwake, kiti kigeuzwe kitazame ukuta, asikilize. Akitokea jogoo peke yake, Gwantwa aseme, mzee ageuke acheke. Akiingia binti, aseme tena, mzee arudi ukutani. Na waanze mwanzo kabisa, siyo walipoishia.